Ua la Asubuhi Nzima

Asubuhi ambayo Dada alisema atarudi kazini, mdogo wake aliwahi kufika ili afiche kadi za watoto wachanga.

Alizitoa dirishani moja moja, akizishika pembeni kama mtu anayebeba mayai, maana petali za karatasi hazipendi kuguswa. Zile za maua ya njano, zile za waridi lililopauka, zile zilizoandikwa "Karibu Mgeni Wetu" kwa mwandiko wa Dada mwenyewe. Akazipanga kwenye boksi la viatu. Mwisho akafungua droo ya chini kabisa, akatoa kadi moja iliyofungwa ndani ya kitambaa, akaitia nayo humo bila kuifunua. Kisha akalipeleka boksi mlango wa pili, kwa fundi cherehani.

"Niwekee tu, Fundi. Nitalifuata."

"Lina nini? Lisije likawa bomu, nikafa na suruali za watu."

"Kadi za watoto."

Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini hapo aliacha mzaha. Alilipokea boksi kwa mikono miwili, akalisukuma chini ya meza katikati ya vitambaa. "Sawa, Redio," akasema polepole. "Hapa halionekani."

Jina la Redio alipewa na Dada wakiwa bado wadogo, kwa dhihaka, kwa sababu alikuwa mtoto wa kuweza kukaa sebuleni na wageni mchana kutwa asitoe hata neno. "Zimeni hiyo redio, inatupigia kelele," Dada alikuwa akisema, na nyumba nzima inacheka, naye Redio anajificha nyuma ya mgongo wa huyo huyo aliyemcheka. Alisoma, akaenda chuo, akahitimu na kupigwa picha na joho, jina halikubanduka. Na mgongo wa kujificha ukabaki ule ule. Dada ndiye aliyezungumza na wateja. Dada ndiye aliyebishana na mwenye chumba. Dada ndiye aliyemwambia, alipozunguka na vyeti vyake akachoka, "Njoo ukae mezani kwangu. Mikono unayo, mdomo nitakuazima."

Kazi waligawana hivi: Dada alikata, Redio akajenga. Dada hakuwa na haja ya kuchora. Alishika karatasi kwa mkono wa kushoto, akawa anaizungusha, mkasi umetulia pale pale unafungua na kufunga mdomo, na petali zinadondoka mezani, kubwa kwa ndogo. Redio alizilaza juu ya sponji, akazikandamiza katikati kwa kalamu iliyokwisha wino mpaka zikabonyea kama kijiko, akazipinda kingo kwa ubapa wa mkasi. Kisha akapanda safu: kubwa chini, ndogo juu, kila petali ikikaa kwenye nafasi iliyoachwa na mbili za chini yake. Na kila safu ilibidi isubiriwe. Gundi yao ilikuwa nyeupe, na ilikuwa haijakauka mpaka ipotee machoni kabisa. Ukiwa na haraka, ukaweka safu ya juu kabla ya hapo, ua zima linateleza na kuinamisha kichwa, na ukilinyanyua linachanika.

Kwa ajili hiyo simu zilipigwa marufuku mezani. Siku moja simu ya Dada ilitetemeka gundi ikiwa mbichi, kazi ya kutwa ikalala upande. Tangu hapo, aliyeketi kujenga ua alifungia simu yake kwenye droo, tena ameinyamazisha.

Dada alipokaribia kujifungua, Redio alitaka kuianza kadi ya mtoto mapema, Dada akakataa. "Usinianzie kadi ya mtu ambaye hajafika. Aje kwanza, tumwone anapenda rangi gani."

Alifika alfajiri. Shemeji alipiga simu akipaza sauti kama yuko ng'ambo ya mto. "Mama mdogo! Unanisikia, mama mdogo? Msichana! Dada yako anakuita, njoo haraka umwone mwenzio. Naye kanyamaza kimya kama wewe, mpaka manesi wanamshangaa!"

Redio alicheka peke yake, akavaa, akatoka karibu mbio. Njia ya hospitali ilipita mbele ya chumba chao cha kazi. Aliingia achukue tu kadi yoyote ya dirishani, asiende mikono mitupu. Lakini kila aliyoishika aliiona ni ya mtoto wa mtu mwingine. Akafikiria wodi, wakwe wa Dada, manesi, majirani wa kitanda cha pili, wote wakimgeukia aseme neno. Angesema nini? Hajawahi kusema hongera mbele za watu sauti isimkauke. Kadi ndiyo iliyokuwa mdomo wake.

Basi akaketi. Akaifungia simu kwenye droo.

Ua lao la kawaida lilikuwa la safu nne. Alipofika ya nne alilitazama akaliona la kawaida. Akaongeza ya tano. Akapaka kingo chaki ya rangi kwa ncha ya kidole, njano ikaingia kwenye nyeupe taratibu. Akaongeza nyingine, na nyingine, kila moja anaipulizia gundi ikauke, huku anamwambia mtoto kimoyomoyo, subiri, nakuja, bado kidogo tu. Jua lilikuwa limeshavuka dirisha alipoifungua ile droo. Shemeji alikuwa amepiga, na kupiga, na kupiga tena.

Alimkuta kwenye korido ya hospitali, ameegemea ukuta, ameshika ndala za Dada mkononi kana kwamba ameambiwa asizitue chini. Mama alitoka wodini, akamwona binti yake na bahasha ya kadi, akamnyang'anya na kuisokomeza kwenye mkoba wake kabla hajauliza lolote. Mtoto alikuwa ameshaondoka. Alikuja alfajiri, adhuhuri hakuikuta.

"Simu yake haikuwa na chaji," Mama alimwambia Dada baadaye, pale kitandani. Redio alikuwa amesimama mlangoni, akasikia, akanyamaza. Kunyamaza ndiko alikozoea.

Sasa Dada alikuwa anarudi kazini.

Aliingia na kitambaa kimefungwa kichwani ovyo, jambo ambalo si lake, akaweka pochi mahali pake pa siku zote. Macho yakaenda dirishani.

"Mbona kuko wazi hivi?"

"Nilikuwa nafuta vumbi."

"Mh," Dada akasema. Akavuta kiti, akachukua mkasi. "Tuna oda gani?"

"Kadi za harusi. Maua meupe."

"Haya. Tuwaoze."

Redio alicheka kidogo, kwa shukrani, na kwa muda chumba kikawa kama zamani: mkasi wa Dada ukitafuna karatasi, kalamu kavu ikikandamiza, cherehani ya Fundi ikisikika kupitia ukuta. Dada alikata petali nyingi kuliko zilizohitajika. Redio hakumwambia. Alizipokea tu, akazipanga.

Kabla ya mchana mlango ulisukumwa kwa bega. Aliingia mwanamume wa gereji, ovaroli yake imepasuka gotini, mikono imesuguliwa ikang'aa lakini kucha bado nyeusi. Kifuani alikuwa amekumbatia boksi la viatu.

"Habari za kazi, dada zangu! Nimemuuliza Fundi hapo, nitapata wapi kadi ya mtoto, kaniambia kawekewa hizi za kwenu, nije nazo mnichagulie." Akaliweka boksi katikati ya meza, juu ya petali nyeupe. "Mke wangu kajifungua. Mniwie radhi, tangu jana nacheka kama mwehu."

Redio alisimama.

Dada alilitazama boksi. Kisha akamtazama mdogo wake. Halafu akamgeukia mteja, na sauti iliyotoka ilikuwa sauti yake ya kila siku ya kuuzia kadi.

"Hongera, baba. Wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume. Ana mapafu huyo! Mtaa mzima haukulala, jirani kaja kuuliza tunapigana au vipi."

"Mwache alie," Dada akasema. "Alie tu." Akafunua boksi, akachagua kadi ya juu, akachukua kalamu. "Tumwandikie nini mama yake?"

"Mwandikie... ahsante kwa kunivumilia."

"Hilo haliishii kwenye kadi moja, hilo."

Mtu wa gereji aliangua kicheko, akalipa, akatoka ameishika kadi kwa vidole viwili asije akaichafua. Mlango ulipofungwa Dada alikuwa bado anatabasamu, lile tabasamu limesahaulika usoni.

"Kwa hiyo ukanifichia," akasema.

"Nilidhani..."

"Ulidhani nisipoziona nitasahau?" Hakuwa na hasira. Alianza kuzitoa kadi moja moja na kuzisimamisha mezani. "Zirudishe dirishani. Watoto wa watu wanazaliwa, Redio. Hii je?"

Ilikuwa kitambaani. Redio alinyoosha mkono, akachelewa.

Dada alikunjua kitambaa, na ua likainuka kutoka mikononi mwake kama kitu kilichokuwa kimebanwa pumzi. Lilikuwa jeupe chini, likapanda taratibu kuelekea njano, mpaka katikati kabisa petali zilikuwa ndogo kama kucha za mtoto. Kwa chini, kwa mwandiko wa Redio ulioyumba, kulikuwa na neno moja tu, "Hongera". Dada aliigeuza kwenye mwanga. Uso ulianza kulainika. Kisha akafanya lile ambalo mtu mwingine yeyote mjini asingefanya: akaingiza ukucha chini ya petali za nje, akawa anapanda nao juu, safu kwa safu, midomo ikicheza bila sauti.

Alifika katikati. Akarudi chini, akahesabu tena.

"Hii umeijenga lini?"

Redio alitazama sakafu.

"Nakuuliza, mdogo wangu."

"Siku ile."

"Siku ile jioni?"

"Asubuhi."

Cherehani ya mlango wa pili ilinyamaza, ikaanza tena. Dada alikuwa anaitazama kadi, na Redio aliona kabisa anachokifanya: alikuwa anasubiri kila safu ikauke. Ya kwanza. Ya pili. Hakuna aliyehitaji kumwambia kitu. Huko kusubiri ni yeye aliyekufundisha.

"Hii ni asubuhi nzima," akasema. "Umekaa hapa asubuhi nzima." Halafu, kwa sauti ndogo zaidi, "Na simu?"

"Kwenye droo."

"Mama aliniambia haikuwa na chaji."

"Ilikuwa nayo."

Dada aliketi. "Madaktari walikuwa wameshaniambia hatakaa," akasema. "Wakanipa nimshike. Nikawaambia sawa, lakini msimchukue kwanza, mama yake mdogo yuko njiani, ni hapo tu anakuja. Na yeye nikamwambia. Kila mlango ukilia namwambia, huyo, amefika huyo, fumbua macho." Akapitisha kidole juu ya ua pasipo kuligusa. "Walimwona watu wanne tu, basi. Wewe hukuwamo."

"Dada..."

"Ni nzuri," Dada akasema. "Tangu uanze kazi hii hujawahi kutengeneza nzuri kama hii." Neno hilo lilimkata Redio kuliko tusi lolote ambalo angetukanwa. Dada aliiweka kadi mezani, taratibu, ua likiangalia juu, akachukua pochi yake, akaondoka. Mlango aliurudisha vizuri tu, kama mtu anayetoka kununua vocha.

Fundi alikuja baadaye kidogo, futi yake inaning'inia shingoni, ameshika mlango bila kuingia. "Haki ya Mungu sikujua ameshafika. Yule bwana alikuwa na furaha, nikasema ngoja nimsaidie. Redio? Nitukane basi, nitasikia nafuu."

Redio alitikisa kichwa.

Nyumbani, Mama alikuwa anakunja nguo. Alisikiliza yote bila kuacha kukunja.

"Na wewe kuiweka uliiweka ya nini? Mimi nilikurudishia nikijua utaichoma."

"Ulimwambia haikuwa na chaji."

"Nilisema hivyo ili mpate kulala, wote wawili."

"Hatulali, Mama."

Mama alilishika shati la mtu, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. "Mwache apoe. Usimwendee kwanza. Ukimwendea utasema nini, na huo mdomo wako?"

Hilo alikuwa amejiuliza njia nzima. Kwa hiyo kesho yake, na siku zilizofuata, Redio alikwenda kazini peke yake. Alijibu wateja kwa kichwa na vidole. Alikata petali mwenyewe, zikatoka mbaya, moja pana moja nyembamba, na maharusi wakapelekewa maua yanayochungulia upande. Kiti cha Dada kilikaa tupu na hakuna aliyethubutu kuweka hata begi juu yake. Shemeji alipita siku moja kuchukua kalamu za Dada za kuandikia.

"Amezitaka?" Redio akauliza upesi.

"Hapana, mama mdogo. Amesema niwape watoto wa jirani." Shemeji alisimama akizigeuzageuza mkononi. "Hasemi na mtu. Msemaji kama yule! Anaongea na sufuria tu."

Alipotoka, Redio alijua hawezi tena kungoja. Alivuta karatasi bora waliyokuwa nayo. Angemtengenezea kadi, kadi ya kumwomba msamaha, ambayo Dada akiishika ataelewa yote yasiyosemeka. Akachagua rangi, akakata, akatupa, akakata upya. Akakandamiza petali za chini, akazipinda kingo. Akabandika safu ya kwanza, akaanza kuipulizia, na akiwa bado anapuliza mkono wake wa kushoto ukafungua droo, ukaitia simu ndani, ukafunga.

Alisikia droo ikigonga mbao.

Aliganda hivyo, midomo imetangulia mbele kama ya mtu anayepuliza chai ya moto. Ni yeye tena. Ni meza ile ile, na Dada yuko mahali fulani anautazama mlango.

Alitoka mbio bila kufunga. Fundi alimwita, hakugeuka. Alikimbia na gundi vidoleni, akipita duka la viatu, kinyozi, kituo cha mafuta, watu wakimpisha, na kila kona sauti ya ndani ikimwambia rudi uchukue angalau kitu, huwezi kwenda hivyo. Hakurudi.

Shemeji ndiye aliyefungua. Alimwangalia mikono, akasogea kando. "Yuko jikoni."

Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda, sufuria iliyoungua iko kati ya magoti, anaisugua kwa steliwaya. Hakuinua kichwa.

"Umeleta nini?"

"Sijaleta kitu."

Steliwaya ilisugua, ikasugua. "Afadhali."

Redio alisimama mlangoni. Hapakuwa na mgongo wa kujificha. Mgongo wenyewe ulikuwa umeinama mbele yake juu ya sufuria. Sauti ilimkauka kama alivyojua itamkauka, akaitoa hivyo hivyo, imekauka.

"Niambie alikuwaje."

Mkono wa Dada ulisimama.

"Mtoto. Sikumwona. Niambie alikuwaje."

Bomba lilidondosha maji ndani ya karai. Redio alidhani atafukuzwa, akasubiri kufukuzwa.

"Hakuna aliyeniuliza," Dada akasema. "Mama anasema nisahau. Majirani wananiletea chakula, wanaongea habari za umeme." Alifuta paji la uso kwa kiwiko. "Alikuwa na nywele. Nyingi, mpaka hapa, zimelowa zimelala. Mweusi masikioni, kwa hiyo angekuwa mweusi kama baba. Alikuwa na mikunjo ya hasira hapa kati ya macho, yaani kama mtu aliyeamshwa bila kuulizwa." Akacheka, na kicheko kikakatika. "Na mguu wa kulia kidole kidogo kilipanda juu ya mwenzake. Nikasema, ala! Hiki nakijua. Nikawa nasubiri uje nikuonyeshe."

Redio alitazama chini. Alikuwa na ndala, vumbi la njia limempanda mpaka vifundoni. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa kimepanda juu ya mwenzake, kama siku zote, kama walivyomcheka nacho nyumbani utoto wake wote.

Dada aliweka sufuria kando. Aliteleza kutoka kwenye kigoda mpaka sakafuni, mikono yake imejaa masizi na povu, akakishika kile kidole. Alikishika kwa vidole viwili, kwa namna aliyokuwa akishikia petali, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa goti la mdogo wake. Ndipo akalia, na sauti yake ilikuwa kubwa, ya mtu aliyekuwa akinyamazia wengine. Shemeji alikuja mlangoni, akawaona, akarudi alikotoka.

"Sijakusamehe," Dada akasema.

"Najua."

"Sijui kama nitaweza."

Redio aliketi naye sakafuni, kwenye maji ya sufuria, mguu ameunyoosha, akauacha ushikwe.